Kamera ya gatini na kamera ya kichochoroni: utumie njia ipi kunasa kinachotembea kwenye video?

Ami yangu ana mashua mbili hapa Lamu, azifunga karibu na gati, na jirani yangu ana duka ndani kabisa mitaani, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye shogi wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Wote wawili walinijia wiki moja na ombi moja: wataka kamera iwaambie kukipita kitu usiku, sio irekodi giza tupu mpaka kadi ya memori ijae. Nikawafungia programu ile ile, mpangilio ule ule. Kwa jirani ikafanya kazi siku ya kwanza. Kwa ami, haijafika hata saa sita za usiku simu ishalia mpaka akaizima, na alfajiri baada ya sala akanigongea mlango, "Mwanangu, hiki kitu chako chaniamsha kwa kila wimbi."

Programu moja, kamera za bei moja. Tofauti ni kilichoko nyuma tu, jirani ana ukuta na ami ana bahari. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza njia ipi bora ya kunasa vitu vinavyotembea kwenye video namuuliza kwanza kamera yako yatazama nini, manake njia zipo nyingi na karibu zote ni za bure, ila kila moja ina mahali pake pa kufia, na ni heri upajue hapo kabla hujapanda ngazi kufunga kamera.

Kwa ambae hajawahi kugusa mambo haya: kompyuta haioni mashua wala mtu. Yaona namba. Picha ya pikseli, yaani vinukta, 640 kwa 480 ina pikseli 307,200, na ukiigeuza nyeusi na nyeupe kila pikseli ni namba moja kuanzia 0 ambayo ni giza mpaka 255 ambayo ni nyeupe pee. Video ya fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde basi yamwaga namba zaidi ya milioni 7 na nusu kila sekunde, na kazi yote ni kuamua namba zipi zimebadilika kwa sababu ya kitu cha maana na zipi zimebadilika hivi hivi tu. Mimi natumia OpenCV, mkusanyiko wa programu za kuchambua picha, na lugha ya Python, OpenCV ilianzia Intel mwaka 1999 na mpaka leo ni ya bure, na karibu kila njia nitakayoitaja hapa imo humo ndani.

Kutoa fremu kwa fremu

Hii ndo ya mwanzo na ndo nyepesi kuliko zote. Wachukua fremu ya sasa, watoa iliyopita, pikseli kwa pikseli, tofauti ikizidi kizingiti ulichoweka, tuseme 25, wasema hapo pametikisika. Mistari mitatu ya kodi, yaani maagizo ya programu, na kwisha. Yaenda hata kwenye kompyuta ndogo kabisa, haihitaji kujifunza kitu, na mwanga ukibadilika polepole kama jua linapozama haishtuki, maana kati ya fremu mbili zinazofuatana jua halijazama kitu.

Lakini tazama inavyoona. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe apita mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Katikati ya kanzu, nyeupe toa nyeupe ni sifuri, ukutani pia sifuri, kwa hiyo mzee mzima kwenye skrini anakuwa ni mistari miwili myembamba, mmoja mbele yake mmoja nyuma, na kichwa. Programu inayotafuta doa kubwa la umbo la mtu haimpati. Na punda je? Wa hapa mwawajua, akisimamishwa mlangoni pa duka asubiri mzigo hatikisi hata kwato. Nilichopata mimi kwenye video ya jirani ni masikio mawili na mkia unaofukuza nzi vikielea hewani, mwili wote haupo. Kuna ujanja wa kulinganisha na fremu ya kumi nyuma badala ya ile iliyopita, mistari yanenepa kidogo, lakini aliyesimama bado haonekani.

Kwa hiyo hii ni ya kujibu swali moja tu, je, hapa pana mtikisiko ndio au la. Kwa hilo ni nzuri na ya haraka, sina neno nayo.

Kujifunza mandhari: MOG2 na KNN

Badala ya kulinganisha na fremu iliyopita, unaifundisha kompyuta mandhari tupu ikoje, halafu chochote kisichofanana ni mgeni. Njia ya kizamani ni kuweka wastani wa kila pikseli. Ukutani yafaa. Kwenye mnazi haifai kabisa, manake pikseli moja iliyo kwenye kilele cha mnazi mara ni jani mara ni mbingu kadri upepo unavyosukuma, na wastani wa jani na mbingu ni rangi ambayo haipo duniani, si jani si mbingu, basi kila fremu pikseli hiyo yaonekana ngeni na mnazi mzima wawaka kama mti wa taa.

Dawa ilikuja mwaka 1999 kutoka kwa Stauffer na Grimson wa MIT kule Marekani: kila pikseli ipewe makundi kadhaa ya rangi, wao walitumia matatu mpaka matano, kila kundi na uzito wake kulingana na limeonekana mara ngapi. Jani lina kundi lake, mbingu ina kundi lake, yote mawili ni mandhari. Mwaka 2004 Zivkovic akaiboresha ili kila pikseli ijichagulie yenyewe yataka makundi mangapi, ukutani moja latosha, mnazini yataka zaidi. Hiyo ndo MOG2 iliyomo kwenye OpenCV, na kama hujui uanzie wapi anzia hapo.

Sasa kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui na mimi lilinipotezea siku mbili nzima. MOG2 huja na historia ya fremu 500, na mtu akisoma hivyo adhani kitu kikisimama kitahesabiwa ni mandhari baada ya fremu 500, yaani sekunde 20. Sivyo. Kiwango cha mandhari kimewekwa 0.9, maana yake kitu kipya kikishapata asilimia 10 ya uzito wa pikseli hiyo kimeshaingia kwenye mandhari, na kwa historia ya 500 hilo latokea baada ya fremu kama 53. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni sekunde mbili na kidogo! Punda amesimama, umehesabu moja, mbili, ameyeyuka ukutani. Mimi nilikuwa nalaumu kamera, nalaumu waya, kumbe ni hesabu tu. Ukitaka kitu kilichosimama kibaki kikionekana dakika nzima kwa fremu 25 historia yataka kuwa elfu 14 na ushee. Au, na hii ndo nnayoipenda mimi, acha kusoma fremu zote, soma tano tu kwa sekunde, hapo dakika moja ni fremu 300 na historia ya 2,850 hivi yatosha, na kompyuta yenyewe yapumua.

Ila ukirefusha historia ujue walipa upande mwingine. Wingu likipita, au taa ya baraza ikiwashwa ghafla, sehemu hiyo yote itabaki ngeni kwa muda ule ule uliouweka. Na ukiiwasha programu wakati punda yupo pale pale mlangoni, yeye ndo amefundishwa kuwa mandhari, siku akiondoka patabaki mzuka wa punda, doa la umbo lake mahali ambapo hapana kitu, mpaka pikseli zizoee ukuta. Basi anzisha wakati njia ni tupu.

Kivuli nacho. MOG2 yajua kivuli, kitu chenyewe yakipa 255, kivuli yakipa 127, mandhari 0, nawe ukichuja kila kilicho chini ya 200 kivuli kimekwenda. Lakini yachukulia kivuli ni rangi ile ile iliyopunguka mwanga si zaidi ya nusu. Jua la saa saba mchana kwenye ukuta mweupe kivuli chake ni cheusi kuliko hivyo, na kinapenya kama kitu halisi, mtu mmoja anakuwa wawili. Shusha kile kizingiti cha kivuli kutoka 0.5 mpaka 0.3 hivi utaona nafuu. Usiku ambapo hakuna kivuli cha jua zima kabisa hiyo sehemu, utapata kasi zaidi.

KNN ni ndugu yake, nayo ni ya Zivkovic, na van der Heijden, 2006. Haichori makundi, yaweka sampuli za rangi zilizopita na kuuliza je hii mpya ina majirani wa kutosha karibu yake. Maelezo ya OpenCV yenyewe yasema ni nyepesi sana pikseli za wageni zikiwa chache, na hiyo ni kichochoro cha usiku kabisa, saa nzima hapiti mtu. Kwa macho yangu mimi kingo za mtu hutoka safi zaidi kwa KNN kuliko MOG2, kwa hiyo kwa jirani nlibadilisha nikaweka hii. Kuna na ViBe kutoka chuo kikuu cha Liège kule Ubelgiji, kila pikseli ina sampuli 20 na kuzibadilisha kwa bahati nasibu, uzuri wake ni kuwa yaweza kuanza kazi kwa fremu moja tu, ila haimo kwenye OpenCV ya kawaida kwa hiyo siiendei mbali.

Mnazi wazoeleka, mng'aro wa maji hauzoeleki

Turudi kwa ami. Nilipofungua zile picha za usiku wa kwanza nikitarajia mawimbi, nikakuta si mawimbi. Ni taa ya gati. Taa yaangusha mstari wa mwanga juu ya maji, maji yakichezacheza ule mstari wakatika vipande vipande na kila kipande kinawaka mahali pake kidogo kisha kinazima. Hapo ndo nikaelewa kwanini MOG2 ilishinda mnazi ikashindwa na maji. Jani la mnazi kwenye kusi linarudi kwenye pikseli ile ile kila baada ya sekunde, pikseli ile nusu ya muda ni jani, kundi lake lanenepa lakubalika. Kipande cha mng'aro kinapiga pikseli fremu moja au mbili kisha hakirudi kwa muda, hakifikishi ile asilimia 10 maisha, basi kila kikija ni mgeni mpya. Wataalamu wanalijua hili, ule mkusanyiko wa video za majaribio wa CDnet wa 2014, video 53 kwenye mafungu 11, una fungu zima la mandhari yasiyotulia, mna boti, mtumbwi, chemchemi, na ni katika mafungu yanayosumbua.

Dawa haikuwa kubadilisha njia ya kutoa mandhari, KNN nayo iliangukia hapo hapo. Dawa ilikuwa kuuliza swali baada yake. Mng'aro unazaliwa na kufa pale pale, mtumbwi unasafiri. Kwa hiyo kila doa nalifuatilia, lisipoishi fremu 15 silihesabu, na lisiposogea umbali fulani kutoka lilipoanzia silihesabu. Hapo kelele zikashuka sana, ami akalala.

Lakini mashua zenyewe! Mashua iliyofungwa haitulii, maji yakijaa yapanda, yakipwa yashuka, na siku za bamvu inazunguka kwenye kamba mpaka omo imegeukia upande mwingine. Hiyo inaishi zaidi ya fremu 15 na inasogea kweli. Na anachokitaka ami ni mtu akipanda mashua, ambaye naye anasogea hatua mbili tatu tu, kidogo kuliko mashua yenyewe. Mwendo peke yake hauwezi kutenganisha hivi viwili, hata ungekesha na vizingiti. Hapa lazima ujue kinachotembea ni nini.

Kusoma mtiririko wa pikseli

Kabla ya hapo nilijaribu njia nyingine, ya kukadiria kila pikseli imekwenda wapi na kwa kasi gani kati ya fremu mbili. Mwaka 1981 pekee zilitoka mbili, ya Lucas na Kanade inayofuata nukta chache zilizochaguliwa, na ya Horn na Schunck inayohesabu picha nzima. Siku hizi kwa picha nzima wengi watumia ya Farnebäck, Mswidi, ya 2003. Uzuri wake ni mkubwa, yakupa uelekeo, nani anaingia nani anatoka, na hakuna nyingine katika hizi inayokupa hilo moja kwa moja. Ukitaka kuhesabu watu wanaoshuka botini na wanaopanda, hii fikiria.

Ubaya ni kuwa yadhani mwangaza wa kitu haubadiliki kinaposogea, na maji hayana adabu hiyo. Pia tanga la jahazi ni jeupe tupu, katikati ya tanga hakuna alama yoyote ya kushikilia, kwa hiyo uelekeo unaonekana kingoni tu na kati pamelala. Na kwa picha nzima ni nzito, kompyuta ndogo itahema.

Mahali inapotawala ni kamera ikiwa yenyewe inatembea. Ukifunga kamera juu ya mashua, MOG2 na KNN na kutoa fremu, zote tatu zimekufa, kila pikseli imebadilika. Hapo wachukua nukta za nchi kavu, majumba, mnara, wazifuata kwa Lucas na Kanade, wakadiria kamera imesogea vipi kwa RANSAC, hesabu inayotupa nukta zinazodanganya (nayo ya 1981, mwaka gani ule!), waigeuza fremu ya nyuma ilingane na ya mbele, ndo sasa waangalia nini kimesogea tofauti na nchi. Yafanya kazi ukiwa na nchi kavu ya kutosha kwenye picha. Ukitazama bahari tupu huna pa kushikilia.

YOLO, na punda asiyekuwemo

YOLO, modeli ya kutambua vitu pichani, ya Joseph Redmon na wenzake ilitoka 2015 na tangu hapo zimekuja nyingi za jina hilo. Hii haijali mwendo hata kidogo. Yatazama picha moja kwa mpigo mmoja na kusema hapa mtu, hapa boti, kwa kisanduku na asilimia ya uhakika. Kanzu mbele ya chokaa si tatizo, kivuli si tatizo, mng'aro si tatizo. Mtu mgeni akiiona mara ya kwanza adhani basi zile nyingine zitupwe.

Kwanza, kwa sababu haijali mwendo, mashua zilizofungwa itakutajia boti boti boti usiku kucha, ni lazima uweke kifuatiliaji juu yake kama SORT au ByteTrack ndo ujue kipi kimetoka mahali pake. Pili, yajua iliyofundishwa tu. Modeli nyingi za kupakua zimefundishwa kwa COCO, mkusanyiko wa picha ambao una aina 80 za vitu. Mtu yumo, baiskeli imo, boti imo, paka yumo, ng'ombe, farasi, pundamilia na twiga wamo. Punda hayumo. Niliipitisha video ya kichochoro cha Lamu, na punda yule yule mmoja, kutoka mlango huu mpaka ule, aliitwa farasi, akaitwa ng'ombe, akarudi akawa farasi, na akiwa na shogi mbili za mchanga akapotea kabisa. Kwa jirani si neno, yeye ataka watu. Lakini ukitaka kuhesabu punda itabidi upige picha zako, uchore visanduku kwa mkono, uifundishe tena, na hiyo kazi ni ya siku nyingi, ingawa kwa mji wetu mimi naona yafaa ifanywe na natamani tuifanye.

Tatu, ukubwa. Modeli hizi kwa kawaida huipunguza picha mpaka upana wa pikseli 640 kabla ya kuitazama. Kamera ya upana wa pikseli 1920 basi imegawanywa kwa tatu, mtu wa pikseli 60 huko kwenye mashua amekuwa wa 20, na usiku kwenye picha ya infraredi isiyo na rangi anakuwa si kitu. Dawa, usiipe picha nzima. Kata kipande cha 640 kwa 640 pale penye mashua uipe hicho, mtu atabaki na pikseli zake 60.

Nne ni nguvu. Bila kadi ya grafiki, modeli ndogo yajikongoja kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na chombo chapata moto, na kama watumia betri ya sola hiyo si ya kuendesha saa 24. Na leseni, YOLO za kampuni ya Ultralytics ni za leseni ya AGPL-3.0, kwa nyumbani hakuna shida, ukitaka kuuza huduma soma masharti kwanza. OpenCV kuanzia toleo la 4.5 ni Apache 2 na haina usumbufu huo.

Sasa bega kwa bega

Kichochoro, ua, stoo, popote penye ukuta nyuma: KNN au MOG2, na usihangaike zaidi. Kutoa fremu kutakupa nusu mtu, YOLO ni kumwita seremala akufungulie kopo.

Miti na upepo bila maji: MOG2. Kutoa fremu kutakesha na majani.

Maji mbele na vyombo vinavyopita mbali, wataka kujua chombo kimepita: MOG2 na sharti la kuishi na kusafiri. YOLO kwa mbali haivioni, ni vidoa.

Maji na vyombo vilivyofungwa, wataka mtu: vyote viwili kwa zamu. MOG2 yakaa mlangoni, kikitikisika kitu kwenye eneo la mashua ndo inaiamsha YOLO kwa kipande kile tu. Programu ya Frigate ambayo wengi watumia majumbani hufanya hivyo hivyo, mwendo kwanza, kisha kutambua pale palipotikisika. Prosesa yalala muda mwingi, betri yafika asubuhi.

Kamera juu ya chombo: mtiririko na nchi kavu, au YOLO peke yake na kifuatiliaji kama una nguvu ya kuiendesha. Kwenye bahari tupu mimi ningekwenda YOLO bila kusita.

Na tafadhali kabla hujabadilisha njia kagua kamera yenyewe, manake nimeona watu watupa programu nzuri kwa makosa ya kamera. Mwangaza wa otomatiki uufunge usijibadilishe, punda akipita na magunia meupe kamera yajipunguza mwanga na picha nzima yaonekana imetembea. Video zilizobanwa kwa H.264 zina fremu kamili kila baada ya muda, na picha yashtuka kidogo kila inapofika, ukiona kengele za uongo zinakuja kwa mpigo sawasawa kama saa basi ni hiyo, lainisha picha kidogo kabla ya kuilinganisha. Chumvi, futa kioo, hapa kwetu wiki mbili tu kina ukungu. Na buibui! Usiku wadudu waizunguka kamera, wadudu wavuta buibui, buibui afunga utando mbele ya lenzi, na uzi mmoja ukipulizwa na upepo ni doa jeupe kubwa kuliko mtu. Ufagio mdogo mara moja kwa wiki, hakuna algorithimu ya hiyo.

Jambo la sitara pia. Nyumba zetu zimejengwa kwa sitara, mlango haukutani na mlango, na wewe usije ukaivunja kwa kamera ya shilingi elfu chache. Ziba kwa rangi nyeusi dirisha na daka la jirani kwenye picha kabla haijahifadhiwa, ni mstari mmoja wa kodi, na ni eneo moja pungufu la kengele za uongo. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 nayo ipo, sura ya mtu ni yake.

Kwa ami sasa hivi naendesha hivi: fremu tano kwa sekunde, MOG2 historia 2,850, maji yote yenye mstari wa taa nimeyaziba, nimeacha maeneo mawili tu ya mashua, kila moja kipande cha 640, doa likiishi sekunde tatu YOLO yaamshwa, ikiona mtu ndo simu yalia. Kabla ya kumwachia nilirekodi dakika kumi kumi nyakati nne, asubuhi, adhuhuri, magharibi na usiku wa manane, nikazipitisha zote na kuzitazama kwa macho, na nawe fanya hivyo, video ya mchana mmoja haitoshi kuamua.

Usiku wa juzi ililia mara moja tu. Ami akaniletea simu asubuhi niangalie: kisanduku cha kijani, ndani yake mtu ameinama kwenye mashua ya pili, na maji meupe yakirushwa ubavuni. Alikuwa ni jirani yake wa gatini, mvua ilikuwa imenyesha, amepanda kumkumbia ngama.